Dada wa Mjumbe

Shangazi yangu alikuwa fundi wa magodoro, na mtu asije akaniambia kwamba hiyo ni kazi ya wanaume. Walishamwambia sana. Aliwajibu wote jibu moja, kwamba usingizi hauchagui aliyeushonea kitanda, nao wakarudi kuagiza. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, na nyusi zake zilikuwa nyeupe mwaka mzima kwa vumbi la pamba, hata alipokuwa bado kijana. Kirefu alichokuwa nacho ni sauti. Ukimkosea uani kwetu, jirani wa mtaa wa pili anaomba msamaha.

Ninasimulia habari zake kwa sababu nimechoka kuzisikia zikisimuliwa vibaya. Mpaka leo wapo wanaosema alimkana ndugu yake mbele ya umati. Mimi nilikuwepo. Huyo ndugu ni baba yangu mzazi, na nilisimama karibu na jukwaa kiasi cha kuona jasho likimtiririka shingoni. Kwa hiyo anayetaka kujua akae asikilize, na asiyetaka, njia nyeupe.

Baba alizaliwa shangazi akiwa msichana aliyevunja ungo juzijuzi tu. Mama yao alifariki kwa uzazi ule ule, kitoto kikabaki mikononi mwa dada. Alimbeba mgongoni huku akipiga pamba kwa fimbo, kazi aliyofundishwa na babu, na wateja walizoea kuwaona hivyo: fimbo inashuka, vumbi linapaa, mtoto amelala fofofo. Kwa kuwa ndiye wa mwisho kutoka tumboni mwa mama yao, alimwita Kitinda, na jina likaganda.

Aliolewa, ndiyo. Mume alivumilia kidogo, kisha akamwambia achague, yeye au yule mtoto, maana hakuoa mke na mzigo. Shangazi hakuomba muda wa kufikiri. Alikunja godoro aliloshona mwenyewe, akaliweka kichwani, akaondoka na Kitinda wake. Mume alidhani ni utani mpaka alipotaka kulala akakuta mbao tupu. Niliwahi kumuuliza shangazi kama alijuta, akaniuliza kama nimekosa kazi ya kufanya. Hakuolewa tena, na wala hakuna aliyethubutu kumwuliza mara ya pili.

Dini alimfundisha baba yeye mwenyewe, katika chumba kile kile cha mbele alichoshonea. Baadaye majirani wakaanza kuleta watoto wao kila alasiri, mpaka chumba kikawa nusu karakana nusu madrasa. Alikuwa na njia yake ya kufundisha. Godoro likishajazwa pamba linapigwa vifundo, uzi mnene unapitishwa kwa shazia, ile sindano kubwa ya magodoro, kutoka juu hadi chini na kukazwa, ili pamba isikimbilie upande mmoja. La kwake lilikuwa na safu tano, kila safu vifundo vitano. Kila alipovuta uzi, mtoto mmoja alitaja jina la nabii. Adamu, Idrisa, Nuhu, Hudi, Swaleh, hivyo hivyo, safu kwa safu, Ibrahimu na wanawe, Yusufu, Ayubu, Musa na nduguye, Daudi, Suleiman, Yunus, mpaka Isa. Kisha ile kona ya mwisho, Muhammad, na hapo chumba kizima kiliitika kwa pamoja, swalla Llahu alayhi wa sallam, naye anakaza fundo na kukata uzi kwa meno. Watoto walipenda zaidi lile la meno.

Lakini usidhani ilikuwa ni kukariri tu. Alikuwa akisema huku mikono inafanya kazi. Aliwaambia hao ni wale waliotajwa kwa majina, wengine wengi Mungu anawajua mwenyewe, maana hakuna watu walioachwa bila mwonyaji. Aliwaambia manabii walikuwa binadamu, walikula, waliugua, walikwenda sokoni, walifiwa na watoto wakalia. Tofauti yao na sisi ni kwamba waliteuliwa. Hakuna hata mmoja aliyejiteua, na hakuna aliyedai ujira kwa watu. Wote walileta neno moja, kwamba Mungu ni mmoja naye ndiye wa kuabudiwa, na ukimkataa mmoja wao ni kama umewakataa wote. Halafu akaja wa mwisho, akatumwa kwa watu wote, maneno aliyoteremshiwa yakahifadhiwa, na Mungu mwenyewe akatangaza kwamba huyu ndiye muhuri wa manabii. Barua ikishapigwa muhuri, alikuwa akisema, hakuna wa kuifungua aongeze la kwake.

Baba alikulia katika maneno hayo. Alipokuwa mkubwa alisomea upakaji rangi, akaoa, wakanizaa mimi, tukaendelea kuishi na shangazi katika nyumba ile ile ya urithi. Alikuwa mtu mpole, wa kuchekacheka, na akipaka ukuta hutaona alama ya brashi. Kisha mama yangu akafariki kwa homa, ghafla, na baba akawa mtu mwingine. Alikuwa anakaa na sahani ya chakula mbele yake mpaka kinapoa, anainuka, anaondoka. Kazini alikwenda kwa kuwa shangazi alimsukuma kutoka mlangoni.

Sasa sikiliza jinsi ujumbe ulivyoanza. Nyumba ya ghorofa iliyopakana na ua wetu ilikuwa inapakwa rangi upya, na baba ndiye aliyepewa kazi. Siku ya jua kali, shangazi alikuwa ameanika magodoro ya wateja uani, yamepangwa moja juu ya jingine chini ya ukuta ule ule. Ubao aliosimamia baba ukavunjika. Akaanguka kutoka ghorofa ya pili pamoja na ndoo nzima ya rangi nyeupe, akatua katikati ya magodoro. Halafu tukaona kitu cheupe kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu kinainuka taratibu, kinasema shahada. Hana hata mchubuko.

Maneno ya kwanza ya shangazi yalikuwa, "Godoro la watu!" Ndipo akamkumbatia, akalia, rangi ikamjaa usoni, tukacheka na kulia wote watatu kama vichaa.

Ingeishia hapo. Lakini getini alikuwa amesimama mnadi mmoja wa sokoni, aliyekuja kuchukua godoro lake. Watu walimwita Kipaza, maana hakuhitaji kipaza sauti kuuza nguo za mitumba soko zima likasikia. Yeye hakuona magodoro. Aliona mtu mweupe anainuka kutoka kwenye vumbi, akapiga takbiri iliyowatoa watu majumbani. Alipofika sokoni habari ilikuwa na miguu, na jioni ilikuwa na mabawa. Wakasema hakuanguka, aliteremka. Wakasema lile lilikuwa vazi.

Baba mwenyewe alituambia kwamba alipokuwa hewani alisikia sauti inamwambia, bado una kazi. Shangazi akasema ni kweli kabisa, ule ukuta ameupaka nusu. Baba alicheka siku ile. Naapa alicheka.

Watu wakaanza kuja kumwona. Kwanza ni kumpa pole, kisha ni kumwomba dua. Shangazi hakuwa na neno, alisema mtu aliyeponea chupuchupu ana haki ya kuombea wenzake. Baba akaanza kuota ndoto. Hapo pia shangazi hakugomba. Ndoto njema ni bishara kwa muumini, alisema, msimulie anayekupenda kisha unyamaze. Tatizo ni kwamba Kipaza alikuwa anamsikiliza baba kila siku, naye kunyamaza hakukujua. Kila ndoto ilitoka chumbani ikiwa na mguu mmoja, ikafika barabarani ina miguu minne. Alimvika baba kilemba cha ukoka, na baba, masikini, aliyekuwa amelala miezi akimlilia mke wake, akakiona kilemba kinamkaa. Na mimi sitasema uongo, nilifurahi. Baba alikuwa anakula tena.

Baadaye ndoto zikawa Sauti. Baba akawa Bwana Mjumbe. Suruali ya kazi yenye madoa ya rangi ikatupwa, ikaja kanzu. Imamu wa msikiti wetu alisema waziwazi juu ya mimbari, bila kupepesa, kwamba mlango wa utume ulifungwa na anayeudai leo anadai uongo. Wafuasi wa Kipaza wakaacha kuswali nyuma yake, wakaanza kukusanyika kila Ijumaa jioni kwenye uwanja wa wazi nyuma ya ghala la mbao. Siku moja seremala mmoja pale akauliza swali, swali tu, kwamba mbona Sauti inasema yale yale anayoyasema Kipaza. Baba akafumba macho, akainua uso, kisha akatamka kwamba Sauti imemlaani yule mtu. Tangu siku hiyo ndugu za seremala, watu wa tumbo moja, hawakumsalimia. Walipishana naye njiani kama wanapishana na nguzo.

Shangazi alipolisikia hilo aliacha chakula. Aliniambia, "Kuota aote. Sasa ameanza kuumiza watu kwa jina la Mungu."

Alitaka kumwita baba, ambaye siku hizo alikuwa akishinda kwa wafuasi wake, lakini baba alikuja mwenyewe kabla hajaitwa, alasiri, watoto wakiwa katikati ya safu ya tatu. Akaingia na kanzu yake, akakaa chini pamoja nao pale alipokuwa akikaa utotoni. Watoto wakaendelea, kwa woga. Walipofika kona ya mwisho wakaitika, shangazi akakaza fundo, akaupeleka uzi mdomoni. Baba akamwambia kwa upole sana, "Dada, usikate. Ongeza kimoja."

Watoto hawakuelewa. Mimi nilielewa. Shangazi alimtazama, akaung'ata uzi pale pale, akaitema ncha. Kisha akasema, "Kitinda ni wewe, wa mama yetu. Wa manabii alishapatikana zamani."

Baba akainuka akatoka bila kuaga. Kipaza ndiye aliyekuja kesho yake kubishana, maana baba hakuwahi kumshinda dada yake kwa maneno. Akaleta hoja aliyodhani ni nzito. Akasema, mbona Nabii Isa atarudi siku za mwisho, na watu wote wanaamini hivyo, basi mlango umefungwa vipi? Shangazi hakuinua hata kichwa kutoka kwenye pamba. Akamwambia Isa alipewa utume wake kabla, na akirudi atakuja kufuata sheria ya Muhammad, hatakuja na yake. Mwenye nyumba akirudi kwake haitwi mpangaji mpya. Halafu akampigia pamba iliyojaa vumbi karibu na pua, Kipaza akapiga chafya mpaka akasahau hoja ya pili.

Lakini debe tupu haliachi kuvuma. Siku chache baadaye baba akaja peke yake, na safari hii uso wake ulikuwa wa mtu aliyefundishwa cha kusema. Nilikuwa nafagia, nikaendelea kufagia mahali pale pale. Akasema kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, wa kwanza kumwamini alikuwa mtu wa nyumbani kwake. Naye anataka hivyo hivyo. Watu wanasitasita kwa sababu moja tu, kwamba aliyemlea hajamkubali. Ijumaa inayokuja kutakuwa na mkutano mkubwa, na shangazi ndiye atakayepanda jukwaani kumshuhudia.

"Ukinishuhudia, mtaa mzima utaamini," alisema. "Ukikataa, Dada, mimi na wewe basi. Nitahama na watu wangu, na ukifa sitakuzika."

Shangazi aliendelea kupitisha shazia mpaka safu ikaisha. Mwishowe akasema, "Nitakuja." Baba akambusu mkono, akaondoka akiwa na furaha ya mtoto.

Mimi nikawaka. Nilimwambia shangazi kama ataenda kusema maneno hayo, basi amenifundisha bure vile vifundo vyote. Mbona hakunizaba kofi, sijui. Alinikalisha kwenye godoro lililokuwa halijashonwa, akaniambia kwa sauti ambayo haikutoka hata mlangoni:

"Nina ndugu mmoja tu duniani. Nikisema wanalotaka, nitabaki naye na tutapotea wote wawili. Nikilikataa, nampoteza Ijumaa. Hilo ndilo ninalolijua, na linaniuma kuliko unavyojua wewe."

Nikamuuliza basi itakuwaje. Akaniambia nikaufue mtandio wake mweusi na kuunyoosha, kwa sababu haendi kumkabili nabii wa uongo akiwa amejaa pamba.

Ijumaa ilifika. Uwanja ule nyuma ya ghala ulijaa watu, waliokuja kuamini na waliokuja kutazama, na wa pili ndio waliokuwa wengi zaidi. Jukwaa lilikuwa mbao juu ya mapipa, limefunikwa zulia. Baba ameketi kwenye kiti kirefu, kanzu inang'aa. Kipaza ameshika kipaza sauti safari hii, ingawa kwake ni anasa. Akatangaza kwamba atakayesema ndiye aliyemnyonyesha Bwana Mjumbe kwa kidole, aliyemwona tangu siku ya kwanza, na ushahidi wake unatosha. Shangazi akapanda. Alikuwa mfupi hata akashusha kile chuma cha kipaza sauti mwenyewe, watu wakacheka kidogo, naye akawaacha wacheke.

"Nashuhudia," alianza, na uwanja ukatulia. "Nashuhudia kwamba huyu ni ndugu yangu, wa baba mmoja na mama mmoja. Nilimbeba mgongoni. Amenikojolea mgongoni kuliko mtoto yeyote mnayemjua. Nashuhudia kwamba hakuwahi kuiba, na kwamba ni mpaka rangi hodari. Nashuhudia kwamba alifiwa na mke aliyempenda, na msiba ukamvunja."

Kipaza akaanza kusogea. Shangazi akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Siku aliyoanguka aliyemwokoa ni Mungu, na sababu yake ilikuwa magodoro yangu. Kama kuna aliyestahili kilemba hapa ni godoro, na lenyewe halijadai kitu."

Hapo watu waliangua kicheko, hata baadhi ya wenye kanzu. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Shangazi akangoja kicheko kiishe, kisha akainua ile sauti yake, na wallahi sikuona tena haja ya umeme.

"Na nashuhudia kwamba hakuna mungu ila Allah, na kwamba Muhammad ni mtume wake."

Unajua ilivyo. Jina la Mtume likitajwa, mdomo wa Muislamu haungoji ruhusa. Uwanja mzima uliitika, swalla Llahu alayhi wa sallam, walioamini na watazamaji, wenye kanzu na wauza karanga. Niliutazama mdomo wa baba. Uliitika. Shangazi akaendelea, polepole, neno moja moja.

"Ni wa mwisho. Baada yake hakuna nabii, hakuna mjumbe, hakuna mwenye kuteremshiwa. Atakayesema yuko, ni mwongo, hata kama nilimlea kwa mikono hii."

Zogo likazuka. Mtu akatupa kandambili, ikampiga shangazi begani. Hakugeuka. Baba alikuwa amesimama, akamwambia, "Umenikana, Dada. Mbele ya watu."

"Sijakukana," shangazi akamjibu. "Kukukana ni kusema wewe si ndugu yangu. Nimekukatalia. Nitakukatalia mpaka nife, na bado ni ndugu yangu."

Hapo ndipo Kipaza alipofanya kosa lake. Alizoea kunadi, na mnadi akiona mteja anasita hupandisha sauti. Akampokonya shangazi kipaza sauti, akamgeukia baba, akapiga kelele kwamba Bwana Mjumbe amesikia kufuru kwa masikio yake. Sasa Sauti inasema nini juu ya mwanamke huyu? Wafuasi wakaanza kuitika, Sauti, Sauti, Sauti. Seremala aliyelaaniwa alikuwa amesimama pembeni kabisa, peke yake, na watu wakageuka kumwangalia, kisha wakarudi kumwangalia shangazi. Kila mtu alijua kinachofuata. Baba akafumba macho, akainua uso.

Shangazi hakushuka. Alijifunga mtandio vizuri, akasimama mbele yake, karibu kiasi cha kumgusa.

"Nilaani, Kitinda," alisema. "Kama umeambiwa, sema. Nipo hapa."

Tulingoja. Kelele za Sauti, Sauti zikapungua, zikawa za mtu mmoja mmoja, zikaisha. Jua lilikuwa linampiga baba usoni, machozi yakaanza kupenya kwenye kope zilizofumbwa. Kipaza akamnong'oneza kitu. Baba akatikisa kichwa. Kipaza akanong'ona tena, kwa hasira, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake sote tulisikia: sema tu, sema amelaaniwa, kama ulivyosema kwa yule.

Baba akafumbua macho. "Siwezi," alisema.

"Si wewe. Ni Sauti."

"Hakuna Sauti." Alisema hivyo akimtazama dada yake, si Kipaza. "Siku ile nilipokuwa naanguka nilimsikia mke wangu. Siku ile tu. Mengine yote nimesema mimi."

Baba akamsogelea shangazi huku amenyoosha mikono, kama mtoto aliyeanguka anavyomwendea mama, na mimi nikajua sasa atamkumbatia, yameisha, twende zetu nyumbani. Shangazi akainua kiganja, akamsimamisha.

"Hapana. Uliwapoteza watu hapa juu, mchana kweupe. Huwezi kutubu sikioni mwangu. Waambie wao."

Kipaza alikuwa amezima kile chombo. Baba akatazama umati, na nilimwona akitafuta mahali pa kukimbilia, hakuna. Nyuma yake Kipaza, mbele yake watu, na kando yake shangazi amesimama kama mhimili wa nyumba. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, sauti ndogo ya mpaka rangi, kwamba hakuna mungu ila Allah, na Muhammad ni mtume wake, na hakuna nabii baada yake. Kwamba yeye si mjumbe wa yeyote, alisema uongo, anamwomba Mungu msamaha. Wa nyuma wakapiga kelele kwamba hawasikii. Shangazi akamwambia, "Hawasikii." Akarudia. Akarudia mpaka sauti ikakauka. Kisha akamtaja yule seremala, akasema hakuna aliyemlaani isipokuwa yeye, na anamwomba radhi mbele ya ndugu zake. Ndugu wawili wa yule seremala walikuwa wanalia, lakini hawakuwa na ujasiri wa kuvuka uwanja kumfuata. Seremala ndiye aliyevuka.

Kipaza alipiga kelele kwamba mwanamke amemloga Bwana Mjumbe. Baadhi walimwamini, na nasikia kabla mwaka haujaisha alishapata mjumbe mwingine, mji mwingine, mwenye sauti nzuri zaidi. Hao ndio wanaosimulia mpaka leo kwamba shangazi yangu alimkana ndugu yake kwa wivu. Waache waseme, mdomo ni mali yao. Wivu wa nini, wa kanzu?

Tulishuka jukwaani watatu. Kutoka pale hadi kwetu ni lazima upite barabara kubwa, sokoni, mbele ya maduka yote, na habari ilikuwa imeshatutangulia. Watoto walikuwa wamejipanga wanaita, Mjumbe, Mjumbe, na watu wazima wamesimama milangoni mikono kifuani, wamekunja midomo kuzuia kicheko. Baba alisimama kwenye kona, akavuta kofia chini mpaka kwenye nyusi. Kulikuwa na uchochoro pale, unapita nyuma ya maduka, hakuna mtu.

"Dada, tupite huku," alisema. "Watu watanicheka."

"Watakucheka," shangazi alisema. "Mitume walichekwa kwa kusema kweli, itakuwa wewe? Tembea."

Tukapita katikati ya barabara.